Mwanamke Aliyeficha Mtungi

Darasa letu la Changamwe lilikuwa na harufu ya makuti yaliyolowa. Masika yalipoingia, paa lilikunywa maji usiku kucha, na asubuhi tulipofungua mlango tulipokewa na uvundo mtamu kidogo, kama wa nazi iliyosahaulika uani, uliochanganyika na vumbi la chaki na moshi uliotufikia kutoka relini. Ilikuwa miaka ya vita. Sukari ilipatikana kwa taabu, mafuta ya taa kwa taabu zaidi, na malori ya askari yalipita barabara kuu yakielekea bandarini huku wavulana wa shule yetu wakiyakimbilia. Mimi sikuyakimbilia. Nilikuwa msichana mkimya, na muhula ule nilikuwa na jambo lililonikaa moyoni, nisilokuwa na wa kumwambia.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana, na kwa miaka kadhaa tuliishi wawili tu, mimi na baba, katika nyumba ya udongo karibu na njia ya reli alikofanya kazi ya ufundi. Kisha baba akaoa tena. Mke wake aliitwa Nyamvula, mtu wa Mazeras, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka na maneno machache. Alinipikia, alinifulia, alinisuka nywele akizibana hadi macho yakavutika, lakini sikujua nimwite nani. Kumwita mama ulimi ulikataa, na kumwita kwa jina ilikuwa utovu wa adabu. Nikajifunza kupanga maneno yangu kwa namna ambayo singelazimika kumwita kabisa. Nikimtaka, nilikwenda nikasimama mbele yake mpaka anione. Naye hakunilazimisha. Aliniita "mwana," nami niliitika "abee" kama nilivyofundishwa, na mazungumzo yetu yalikuwa hayo.

Jioni moja, baada ya chakula, nilimsikia akibishana na baba nyuma ya pazia la chumba chao. Mvua ilikuwa ikipiga makuti, kwa hiyo maneno mengi yalinipita. Nilisikia jina langu, Mbeyu. Nilisikia Rabai, alikokaa bibi yangu, na nikasikia neno "aende." Halafu sauti ya Nyamvula ikapanda, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kupandisha sauti, na baba akanyamaza. Nililala nikiwa na hakika kwamba mama wa kambo anataka kuniondoa. Rabai kwa bibi palikuwa pazuri, lakini huko ningelima mihogo na kuchota maji, wala nisingerudi tena darasani. Na darasa, muhula ule, ndilo lililokuwa furaha yangu, kwa sababu ya Mwalimu Yeremia.

Mwalimu Yeremia alikuwa mwembamba, mwenye kanzu fupi ya kaki na kikohozi kidogo alichokitumia kutunyamazisha. Walimu waliomtangulia walitufundisha kusoma kwa kuimba kifungu pamoja mpaka tukakikariri. Yeye alikuja na desturi nyingine. Tulikuwa na vitabu vya kusomea vichache, kimoja kwa kila benchi, vyote vimekwisha kupoteza majalada. Alituachia tusome hadithi polepole, kisha akatuuliza: huyu mtu ni mtu wa namna gani? Tukijibu, alikohoa, akasema, "Umejuaje?" Ilibidi tutie kidole juu ya mstari ulioonyesha. Asiyekuwa na mstari alikaa chini. Maneno kama dhamira, maudhui na ishara hatukuwa nayo; hayo nilikuja kuyakuta baadaye sana, chuo cha ualimu. Sisi tulikuwa na kidole na mstari.

Hadithi aliyotupa mwezi ule ilikuwa fupi. Kijiji kimepatwa na ukame, na mwanamke mmoja amebaki nyumbani na watoto wa mumewe, watoto asiowazaa. Kila siku anawagawia maji nusu kata. Binti mkubwa anagundua kwamba nyuma ya ghala la mahindi kuna mtungi umefichwa, umefunikwa kwa majani, nao umejaa maji. Anaamini mama wa kambo anakunywa peke yake wao wakilala. Alfajiri anatoroka kwenda kutafuta ndugu za marehemu mama yake. Siku hiyo hiyo kisima cha kijiji kinakauka kabisa. Mwanamke anautoa mtungi, anawanywesha wadogo, kisha anasimama njiani na kata mkononi akimngoja yule mkubwa. Hadithi inaishia hapo, njiani. Haisemi kama binti alirudi.

Mwalimu alipouliza huyu mwanamke ni mtu wa namna gani, mabenchi yote yalijibu kwa sauti moja kwamba ni mkatili. Nimrodi, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sote, akasimama.

"Ni mchoyo, Mwalimu. Ameficha maji."

"Kuficha nimekuona. Uchoyo umeuonaje?"

"Kwa kuwa ni mama wa kambo."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Nimrodi kwa upole, akamwambia, "Hilo umekuja nalo kutoka nyumbani. Nionyeshe kitabuni." Nimrodi akakaa. Mimi nilikuwa nimetazama chini, maana nilikuwa na jibu lile lile, na mimi nililitoa nyumbani kweli.

Akatupa insha. Kila mmoja aandike juu ya yule mwanamke: moyo wake ulikuwaje, na ule mtungi ulikuwa na maana gani zaidi ya kuwa mtungi. Insha moja ingechaguliwa isomwe siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Kwa vile benchi letu lilikuwa la wasichana na tulikaa karibu karibu, tulipokezana kitabu, na zamu yangu ya kukichukua nyumbani ikaangukia Jumamosi.

Alasiri ile Nyamvula alikuwa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Nilikaa kizingitini nikasoma kwa sauti, kama tulivyozoea kusoma. Sikumsomea yeye, lakini mkwaruzo wa mbuzi ulipungua, kisha ukakoma. Nilipofika pale binti anapouona mtungi, nilihisi ananitazama. Nilipomaliza aliniuliza, "Hiyo umeichagua wewe?"

"Ametupa mwalimu."

"Na mwalimu anasemaje juu ya huyo mama?"

"Wenzangu wanasema ni mkatili."

"Na wewe?"

Nikafunga kitabu. Akaangalia nazi iliyokuwa mkononi mwake, nusu imekunwa nusu bado. "Basi ndivyo tulivyo," akasema, kisha akarudi kwenye kazi yake. Hakukasirika. Angekasirika ningeona nafuu. Chakula cha jioni alinipakulia kama kawaida, kipande kizuri cha samaki akaniwekea mimi. Kesho yake kanisani alikaa pembeni yangu akiimba kwa sauti ya chini, na nilipomtazama niliona amechoka, uchovu wa mtu ambaye amefika mahali kwa safari ndefu na bado hajakaribishwa kuketi.

Tulipotoka kanisani nilikichukua kile kitabu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya mpapai wetu. Nilitaka kupata mstari. Nilitaka neno moja tu la kumtetea yule mwanamke, na sijui kama nilikuwa namtafutia yeye au namtafutia Nyamvula. Nikasoma tena tangu mwanzo, kidole kikitembea. Na pale ambapo binti anamchungulia mwanamke nyuma ya ghala, mahali ambapo sote tulikuwa tunapita mbio kwa hamu ya kufika kwenye mtungi, mwandishi alikuwa ameweka maneno machache: kwamba mwanamke alipogeuka, midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilikisoma kifungu hicho mpaka kikapoteza sauti. Mtu anayekunywa kwa siri midomo yake haipasuki. Hakuwa amekunywa hata yeye.

Jumatatu nilimngoja Mwalimu Yeremia mlangoni nikamwonyesha. Akainama, akasoma, akatabasamu tabasamu lililomfanya aonekane kijana. "Vema, Damari," akasema, maana shuleni nilijulikana kwa jina la ubatizo. "Sasa nijibu jingine. Kama alikuwa na moyo huo, kwa nini hakumwambia mtoto? Neno moja tu, na binti asingetoroka."

Swali hilo lilinikera. Nilikuwa nimekwisha kumfanya mwanamke wangu kuwa mwema, na mwalimu alikuwa ananivurugia. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nilimtazama Nyamvula akipepeta mchele, akichuja chai, akiziba tundu la paa kwa kuti jipya. Nikaanza kufikiri kwamba labda kuna watu waliozoea kushukiwa mpaka wameacha kujieleza. Ndivyo nilivyoandika. Niliandika kwamba mwanamke alikuwa na huruma, na ushahidi ni midomo yake. Kwamba mtungi ulikuwa ndio moyo wake wenyewe, umejaa na umefunikwa majani. Na kwamba kosa lake lilikuwa moja, kuwapenda watoto bila kuwaambia. Kisha nikaongeza kwamba binti naye alikuwa na kosa, kwa sababu aliuona mtungi akaenda zake bila kuuliza.

Insha iliyochaguliwa ilikuwa yangu. Siku ya kufunga shule mvua ilikatika, na wazazi wakakaa nje kwenye mabenchi, wanaume waliopata ruhusa kazini mbele, wanawake nyuma na leso zao za kwenda kanisani. Baba hakuweza kuja. Nyamvula alikuja. Nilimwona mwisho kabisa wa benchi la nyuma, shingo yake ikipita vichwa vya wengine. Nilisoma bila kuinua macho. Nilisoma juu ya midomo iliyopasuka, na nilipofika kwenye kosa la kutosema nilisikia mwanamke mmoja akiguna kwa kukubali. Nilipoinua macho, Nyamvula alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa leso.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya kando ya reli. Tulitembea muda mrefu, yeye mbele, mimi nyuma. Kisha akasimama akaningoja.

"Baba yako anahamishwa Voi," akasema. "Tangu masika yaanze amepewa habari. Alitaka wewe uende Rabai kwa bibi yako, mimi niende naye. Nimemwambia sikubali. Mtoto ana kichwa, amalize shule. Tumegombana kwa ajili hiyo."

Nilikumbuka ile jioni ya mvua, na sauti iliyopanda.

"Nilidhani wewe ndiye uliyetaka niende," nikasema.

"Najua. Nilikuona ukidhani." Akatazama reli. "Nilijiambia, nikimwambia ataona namwonyesha wema wangu ili anipende. Nikaona afadhali ninyamaze. Leo umenisoma mbele ya watu, mwanangu."

"Nilimsoma wa kitabuni, mama."

Neno lilitoka lenyewe. Alinishika mkono, mkono wake mkavu wenye harufu ya nazi, na tukaenda hivyo hadi nyumbani.

Ubishi na baba haukuisha siku ile. Alikuwa mtu wa uamuzi, na mke kubaki Changamwe mume akiwa Voi halikuwa jambo la kawaida. Ndugu zake walisema mengi. Nyamvula aliwajibu mmoja mmoja, safari hii kwa sauti ya kusikika, na mimi nikiwapo. Mwishowe baba alikwenda peke yake, akawa anarudi kila alipopata nafasi kwenye gari la moshi, akituletea maembe makavu na habari za tembo. Sisi wawili tulibaki. Nilimsomea kila hadithi niliyopewa, naye alibishana na wahusika kama majirani wa nyumba ya pili, akiwalaumu, akiwaonea huruma, mara nyingine akikataa kabisa mwisho wa mwandishi na kuniambia wa kwake.

Nimefundisha fasihi miaka mingi tangu wakati huo, katika shule za pande zote mbili za kivuko cha bandarini. Wanafunzi wa siku hizi wana vitu ambavyo Mwalimu Yeremia hakuviota. Kila mmoja ana kitabu chake, na pembeni yake ana mwongozo ambamo maudhui yamepangwa tayari, sifa za kila mhusika zimeandikwa, na ishara zote zimefumbuliwa. Wanapata alama nzuri kuliko tulizopata sisi, wala siwacheki, kwa maana mtihani ni mtihani na wana mengi ya kukimbizana nayo. Ila nawaonea huruma kwa jambo moja: wanamjua mhusika kabla ya kukutana naye. Hawapati muda wa kumdhania vibaya, kisha kujirudi.

Nyamvula alizeeka mikononi mwangu. Aliwalea wanangu, akawahi kuwabeba wajukuu wangu, akazikwa kwao Mazeras siku iliyojaa watu. Mwaka jana mjukuu wangu mdogo alipewa kazi shuleni ya kuandika juu ya ukoo wake, akaniletea niikague kabla ya kuipeleka. Alikuwa ameandika kwamba nyanya yake alizaliwa na mama mmoja mrefu aliyeitwa Nyamvula. Nimesahihisha insha maisha yangu yote, na kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Nilitia mkato uliokosekana mahali pamoja, nikamrudishia.