Salamu Niliyompa Mwalimu

Juzi nilipita Majengo nikawakuta akina mama wakiwagawia wasiojiweza chakula, na harufu ya maharage ikanirudisha utotoni.

Jumamosi moja nilikuwa namsaidia mama kuwagawia wasiojiweza ugali na maharage nyuma ya kanisa. Upepo wa baridi ulitupulizia moshi machoni. Katikati ya foleni nilimwona mwalimu aliyenifundisha kusoma kule shuleni Katandala, kabla ugonjwa haujamwachisha kazi. Nilidhani amekuja kutusaidia. Mama alimpa sahani bila hata kumtazama usoni, nami nikaona mama amekosa adabu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema kwa sauti. "Mama, huyu ndiye mwalimu wangu."

Watu wakageuka. Mwalimu aliitikia marahaba taratibu, akaniuliza kama bado napenda kusoma, kisha akaiweka sahani mezani bila kuonja, akaondoka.

Nilimuuliza mama kwa nini hakumsalimia. Aliendelea kukwangua sufuria.

"Nilijifanya simjui," alisema, "ili ale."

Jumamosi iliyofuata mama alimtengea mwalimu sahani, akaifunika. Tulisubiri mpaka watu wote wakaisha, na ugali ukapoa.