Askari wa Maji wa Mandawa

Isihaka wa Mandawa alikuwa askari, tena askari kweli, ila kijiji kizima kilimwita mchota maji. Kosa lake? Alisema ukweli. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulipokufa, yeye aliyekuwa akifunga minyororo ya matrekta alikwenda hadi Mombasa, ambako nchi zetu za Afrika Mashariki zilikuwa zimeanzisha jeshi lao la majini. Jeshi changa, meli zake za kuhesabu kwa vidole, kazi yake kulinda pwani na kuopoa watu waliopatwa na dhoruba. Aliporudi baada ya miaka minne akaulizwa, "Askari wa nini?" Akajibu, "Askari wa maji."

Basi! Kwa watu ambao wakati wa kiangazi hutembea nusu siku kufuata ndoo moja ya maji, askari wa maji ni nani kama si mlinzi wa bomba? Halfani, kaka wa mkewe Mwantumu, ndiye aliyezidi kumtania. "Shemeji, umekwenda mpaka Mombasa kuchota maji, hata debe moja hukutuletea?" Isihaka alicheka, lakini ilimuuma. Nani asingeumia?

Kiangazi cha mwaka 1956 kisima kilikauka. Halfani akashuka kukichimba zaidi, ukuta ukamporomokea. Udongo ulimfika kifuani, mkono mmoja ukavunjika. Wakamtupia kamba, mkono uliobaki ukateleza.

"Mtupieni kitanzi ajivike!" mtu akapiga kelele.

"Kitamkaba, mtaopoa maiti!" Isihaka akafoka, na yeye hakuwa mtu wa kufoka.

Mwantumu akamshika shati. "Baba Ashura, ukuta haujatulia. Niwakose wote wawili?"

"Niache, mke wangu. Kazi yangu ndiyo hii."

Akashuka. Akafukua kwa mikono, udongo ukimdondokea kisogoni, kisha akafunga fundo alilofundishwa melini: vitanzi viwili visivyokaza, kimoja mapajani, kimoja kwapani. "Vuteni polepole! Pamoja!" Halfani akapanda ameketi kama mtoto mbelekoni. Isihaka akabaki chini na ukuta ule mbovu mpaka kamba iliporudi. Wallahi, uaskari ndio huo.

Halfani, tope mpaka kwenye kope, alikataa kuondolewa pale kabla shemeji yake hajatoka. Alipomwona, alilia bila aibu.

"Haya, mwiteni tena mchota maji," akawaambia watu. "Leo kanichota mimi."