Nilimuunganishia jirani bomba la maji ya mvua kwa nia njema, mtaa mzima ukamsusia

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na waliojiunga juzi.

Naweka hapa kisa kilichonikuta mwenyewe huku Masasi. Sijatia chumvi. Sehemu ambazo naonekana mjinga, mjue ndivyo nilivyokuwa siku hiyo.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama: nimekuwa utingo wa malori, nimevuna chumvi, nimebangua korosho, nimechoma mkaa. Sababu ya kuhama ni moja tu, huwa nataka kujua kilima kile kina nini upande wa pili. Kwetu ni Kilosa, nimezaliwa kando ya mto. Hilo la mto likumbukeni, lina kazi yake mbele.

Sasa hivi nimepanga chumba pembezoni mwa mji, upande wa Lisekese. Ni mtaa wa nyumba mpya, zimejengwa katikati ya mikorosho. Watu bado wanahamia, wengine nyumba hazina hata madirisha. Naendesha bodaboda ya mtu kama deiwaka, kibarua wa siku.

Kijiwe chetu ni kwa Issa, fundi pikipiki. Pembeni yake Mama Neema anakaanga mihogo. Habari zote za mtaa zinapita pale, na kwa kuwa mimi nazunguka kutwa na kupenda kuuliza, wakanibatiza jina la Redio. Nililipenda lile jina, wakuu. Nilijiona nina cheo.

Sasa mhusika mwenyewe.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Shaibu, Mmakonde wa Newala. Ni mjane, anashona nguo sokoni. Alipohamia, kabla hata ya kuweka milango ya ndani alichimba kisima cha kuvunia mvua. Kimesakafiwa kwa saruji, juu kina mfuniko wa chuma, na mfuniko una kufuli.

Paa lake lina gata pande zote. Maji ya mvua yanakimbilia kwenye gata, yanashuka kwa bomba la plastiki, yanaingia kisimani.

Mtaani tuna mabomba ya maji, ila ni ya mgao. Yakikatika, watu wanakwenda kwa Mama Shaibu. Hanyimi mtu. Lakini atakuuliza: "Ya kupikia au ya kufulia?" Ukisema ya kufulia anakupa nusu ndoo. Halafu anafunga kufuli, ufunguo unarudi kwenye pindo la kanga.

Watu hawakupenda. Wakamwita Mama Kufuli.

Desemba mwaka jana mwanawe Shaibu alikuwa jandoni na wenzake. Huku likizo ya Desemba ndiyo msimu wa kuwatoa watoto. Ngariba akishapanga siku, siku hiyo haisogezwi. Watoto wote wanatoka pamoja, wanavishwa nguo mpya, wanabebwa mabegani na ngoma inapigwa mpaka nyumbani.

Kundi la Shaibu lilipangiwa Jumamosi. Ndugu za Mama Shaibu walikuwa waje na lori zima kutoka Newala.

Sherehe ya namna ile mtu hapiki peke yake. Majirani ndio wanatwanga, wanapika, wanapokea wageni. Mama Neema alishakubali kuwa mkuu wa jiko. Wageni wakifika wakakuta mwenyeji hana jirani hata mmoja, wakuu, hiyo aibu inamfuata mama na mtoto wake miaka mingi.

Basi, siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi hiyo, mvua ya kwanza ikashuka.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimejibanza barazani kwangu, nikatupa macho upande wa pili. Nikaona bomba la Mama Shaibu limechomoka kwenye mdomo wa kisima! Maji yanamwagika chini, yanakimbilia barabarani, na mwenyewe yuko sokoni.

Sikufikiri mara mbili. Nikaruka ukuta, nikalowa chapachapa, nikalishindilia lile bomba mahali pake na kulifunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikasikia maji yanaingia kisimani, gubugubu. Nikajiona mwanaume.

Kusema kweli nikakaa pale barazani kwake nikisubiri shukrani. Hata soda nilishaichagua kichwani.

Mama Shaibu akaja mbio, mwavuli umepinduka. Alipoliona bomba akaweka mikono kichwani. Akasema maneno mengi ya Kimakonde, kisha kwa Kiswahili:

"Nani kakutuma?"

"Nimekuokolea maji mama, yalikuwa yanamwagika."

"Nani kakuita kwangu wewe? Nani?"

Akalichomoa bomba. Maji yakarudi kumwagika chini! Akavua kandambili, akanitoa nayo mpaka barabarani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Issa nimelowa vile vile. Nikawahadithia: nimemsaidia Mama Kufuli kuokoa maji yake, kanifukuza kwa kandambili mbele za watu.

Watu walicheka mpaka Issa akaangusha spana. Lakini kicheko kilipoisha, Mama Neema akasema, "Huyu mama kazidi. Mtu anakusaidia unampiga?"

Mwingine akaipeleka habari kwenye grupu la mtaa. Hadi jioni ilikuwa imepata miguu na mikono. Aliyetukanwa hakuwa mimi tena, alikuwa mtaa mzima.

Kesho yake Mama Neema akatuma mtu kumwambia Mama Shaibu kwamba Jumamosi ile atakuwa na udhuru. Wengine wakamfuata. "Akapikiwe na kufuli lake," ndiyo ikawa kauli.

Na mimi nikanyamaza. Kwanza niliona anastahili.

Siku ya tatu nikapata abiria wa Newala, fundi cherehani aliyekosa gari. Tukapanda mlima. Kule juu kuna ubaridi mtamu na upepo hauishi. Nilipomshusha tu, mvua ikaanza. Nikakimbilia kwenye kibanda cha chai cha dada mmoja anaitwa Zuena.

Nikiwa pale naangalia, naona paa la nyumba yake lina gata kama la Mama Shaibu. Kisima kilekile cha saruji, kufuli lilelile. Na bomba limechomolewa, maji yanamwagika chini, watu sita wamekaa wanayaangalia kama vile hayawahusu.

Nikauliza, "Dada, mbona mnamwaga maji?"

Zuena akanitazama juu mpaka chini. "We njomba umetokea wapi?"

"Masasi. Ila kwetu Kilosa."

Akachukua kikombe, akakinga kwenye bomba, akaniletea. "Karibu, kunywa."

Maji yalikuwa ya njano. Yana vumbi, kinyesi cha ndege, na harufu ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho kuanzia mwezi wa tano. Upepo unaipeperusha, inatua juu ya mabati, na kwa kuwa mvua hakuna hadi Desemba, inalala huko huko juu.

"Mvua ya kwanza ni ya bati," Zuena akasema. "Ya pili ya ardhi. Ya tatu ndiyo ya kisima. Hata mtoto wa chekechea anajua."

Wakanieleza kwamba zamani bibi zao walikuwa wanashuka bondeni alfajiri na kurudi adhuhuri na ndoo moja kichwani. Maji ya kisimani yanatakiwa yafike mvua hadi mvua. Ukiingiza salfa, yote yaliyobaki umeyaharibu.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu akikuunganishia bomba siku ya mvua ya kwanza?"

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akasema, "Huyo ama adui ama kichaa."

Wote wakacheka. Nikasema moyoni, ama mtu wa Kilosa aliyezaliwa kando ya mto.

Wakuu, nilishuka ule mlima taratibu sana.

Nilikwenda kwa Mama Shaibu kabla hata ya kurudisha pikipiki. Nikamkuta anachambua mchele barazani, peke yake.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aliyeishi huku anajua uzito wake. Huku hata mliyegombana naye marahaba anakupa.

Nikamwambia nimetoka Newala, nimeonyeshwa, nimeelewa. Akanyanyuka, akafungua kufuli, akateka ndoo akaiweka mbele yangu. Maji ya njano.

"Nilikuwa nayatunza tangu masika," akasema. "Ya kuwapikia wageni. Ndugu zangu wakinywa funda moja tu watajua. Na bomba la mtaa linatoka mara moja kwa wiki."

"Sasa mbona hukuwaeleza watu?"

"Nani angenisikia? Redio ni wewe."

Nikawasha pikipiki.

Nikaenda kijiweni. Nimeshawahi kukutana na simba usiku nikiwa na lori bovu, lakini siku hiyo afadhali simba yule. Issa alikuwepo, Mama Neema alikuwepo na wateja wake, kama watu kumi hivi.

Nikasema, "Jamani, habari ya Mama Shaibu niliyowapa ilipungua kipande."

Nikawaeleza kipande chenyewe: kwamba bomba halikuchomoka, lilichomolewa na mwenyewe, na kwamba niliyaingiza maji ya mvua ya kwanza kisimani.

Mafuta tu yanachemka kwenye karai.

Mama Neema ndiye aliyepasuka. Huyu ni Mmakua wa Lulindi, kumbe bibi yake naye alikuwa na pipa la mvua. "Mvua ya kwanza? Ya kwanza na salfa yake? We Redio una akili? Siku ile mbona hukusema ni ya kwanza?"

"Nilidhani si habari."

"Si habari!" Akanipiga na kitambaa cha mikono. "Na mimi nimemtumia mtu kusema nina udhuru. Udhuru gani? Nitamtazama vipi yule mama?"

Issa akauliza taratibu, "Jumamosi siku ngapi?"

"Tisa," nikasema.

"Basi tukakioshe."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa watu kumi na saba uani kwa Mama Shaibu. Mama Neema alitangulia. Alipiga magoti, akasema, "Mama Shaibu, nilisikia nusu nikakasirika nzima. Nisamehe." Mama Shaibu alichukua ufunguo kwenye pindo la kanga akamkabidhi yeye.

Aliyeshushwa kisimani kwa ngazi ni nani? Mnajua. Nilikaa mle tangu asubuhi hadi saa tisa, nikichota, nikisugua saruji kwa brashi na majivu. Juu kina mama wanavuta ndoo kwa kamba na kumwagia mbaazi, huku wananisimanga.

"Redio, mawimbi yanashika huko chini?"

"Muacheni, anasoma taarifa ya habari!"

Nikamsikia Mama Shaibu naye akicheka. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Ningependa kuwaambia mvua ilinyesha ikajaza kisima. Hapana. Ilinyesha ya pili, tukaiacha imwagike. Kisha jua likawaka kama halina habari na sisi. Ijumaa kisima kilikuwa kikavu, kimetakata, na lori lilikuwa linafika kesho.

Mgao ulikuwa umetoka Alhamisi. Kila nyumba ilikuwa na akiba yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi lori la Newala likaingia. Wanashuka akina shangazi na wajomba, ngoma, mabusati. Na wakati huohuo, kutoka juu ya barabara, Mama Neema akatokea na ndoo ya maji kichwani. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mwingine. Nilihesabu ndoo ishirini na tatu zikapita mbele ya wale wageni kuelekea jikoni.

Shangazi mmoja mkubwa akasogea, akapokea ndoo kwa mikono miwili, akapiga goti. Akamuuliza Mama Shaibu, "Hawa wote ni majirani zako?"

Mama Shaibu akajibu, "Ndiyo. Na yule pale ndiye aliyenioshea kisima." Hakusema kwa nini kilioshwa. Wakuu, angeweza kusema.

Shaibu alitoka saa nne, mabegani, mwavuli juu, nguo nyeupe. Ngoma ilipigwa hadi Issa akafunga gereji.

Wiki mbili baadaye, Januari, mbingu zikafunguka kweli. Nikiwa ndani nikasikia naitwa juu ya ukuta.

"Redio! Njoo!"

Nikaenda mbio. Mama Shaibu amesimama kwenye mvua, ameshika bomba. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Kisha akaninyooshea bomba.

Nikauliza kwanza, "Mama, hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

Nikaunganisha.

Nilichojifunza: sikusema uongo hata neno moja siku ile kijiweni, na bado nilikaribia kumwachia mama wa watu aibu ya maisha. Kipande nilichodhani si habari ndicho kilikuwa habari yenyewe. Siku hizi nikileta jambo kijiweni, Mama Neema ananiuliza, "Ni ya mvua ya ngapi hiyo?" Nikishindwa kujibu, narudi kuuliza upya.

Nyie mlioko Newala, Tandahimba na kule juu, njooni mtusahihishe kuhusu visima. Na nyie wa mijini, mtaani kwenu hakosekani mtu mliyempa jina kama lile la Kufuli. Kuna aliyewahi kumuuliza kwa nini? Tiririkeni, nasoma yote, leo mvua inanyesha na sina abiria.