Milioni Moja na Moja

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliogopa kila kitu, lakini zaidi nilimwogopa mkaguzi. Nilikuwa bado kwenye majaribio, nafundisha hesabu kidato cha pili katika shule moja ya Tanga. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama nitathibitishwa, au nitarudi Pangani kumweleza mama kwamba chuo kikuu hakikunifaa kitu.

Siku ya ukaguzi nilitaka kuonyesha namba tasa kubwa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikachagua milioni moja na moja. Daftari zilikuwa hazipatikani mjini, kwa hiyo jana yake nilichana mfuko wa saruji, nikaukung'uta vumbi na kugawanya juu yake. Kwa saba ikabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena. Zile mbili zilinitia imani ya kijinga. Nilipofika tisini na saba mfuko ulikuwa umejaa pande zote. Nikajiambia, iliyovumilia kiasi hiki haivunjiki tena.

Mkaguzi alikaa nyuma, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikaiandika ubaoni.

"Hii ni tasa."

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, umejaribu mpaka ngapi?"

"Tisini na saba."

"Inayofuata ni mia na moja. Au hiyo umetuachia sisi?"

Darasa likacheka. Kanuni niliijua: ilinipasa kujaribu namba tasa zote mpaka kufikia elfu moja, maana elfu mara elfu ndiyo milioni. Ningeweza kufuta ubao nikaingia mada nyingine. Badala yake nikagawanya mbele yao, chaki ikiteleza kwa jasho. Ikatoka elfu tisa mia tisa na moja. Hakikubaki kitu.

"Si tasa," nikasema. "Nimekosea. Nilijua sijafika mwisho, niliishiwa karatasi."

"Karatasi gani?" mkaguzi akauliza.

"Mfuko wa saruji, mzee."

"Kumbe wewe una saruji. Nyumba yangu imeishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha, mwaka wa pili huu."

Hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akaondoka.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu. Nilikaa nayo siku mbili nikijiorodheshea sababu za kufukuzwa, ndipo nikaifungua. Nilikuwa nimethibitishwa. Nikasoma jina mara nne, nikihofu wamekosea mtu.