Shahidi Mtani
Jirani yetu wa Bigwa, bibi wa rika la bibi yangu, alishakubaliwa pensheni ya waliopigania uhuru. Wivu ulinikaba, jamani! Enzi za mkoloni, bibi yangu ndiye aliyekuwa akishuka kutoka Kinole na kadi za chama cha kudai uhuru, kazificha chini ya magimbi kikapuni. Tukaenda kudai ya kwake, shahidi akiwa jirani huyohuyo, mtani wake.

“Huyu?” jirani akamwambia ofisa. “Mwoga huyu! Alikuwa anakimbia hata kuku.”

Bibi akacheka mpaka machozi. Ofisa, asiyejua kwamba ni watani, akafunga faili.

Jirani akashtuka. “We baba, namtania! Kadi yangu mwenyewe aliniletea yeye.”

Faili likafunguliwa. Wakatoka wameshikana mikono, wakitukanana. Wivu wangu haukuisha; mimi sina wa kunitukana vile.