Karatasi Isiyo na Doa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu Kabula, mchana ule wa saa nane ambapo hata nzi huchoka. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu nyuma ya jiko la kambi, kule upande wa Geita, daftari limenilalia mapajani. Silali, wala siko macho. Ungeniuliza jina langu ningelitafuta kwanza.

Hebu weka hiyo simu chini. Jumapili iliyopita uliniambia, tena kwa kujisifu, kwamba kazi za chuo anazokutumia mwalimu wako simu inazijibu yenyewe, wewe ukiwa zahanati Kahama unahudumia wagonjwa. "Shangazi, siku hizi hatuteseki," ukasema. Neno nilikuwa nalo, nilikuwa nalitafutia mahali pa kukaa. Leo limepata.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpishi. Usifikirie mpishi wa hoteli mwenye kofia nyeupe, thubutu! Mpishi wa kambi ya mkandarasi wa mgodi, wa kusonga ugali kwa mwiko unaonizidi kimo. Wanaume walikuja foleni na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na kila mmoja aliamini mwenzake kapakuliwa zaidi. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni wali. Katikati ya mchana na jioni palikuwa na saa mbili ambazo hakuna aliyezitaka, na hizo ndizo zilizokuwa shule yangu.

Darasa la saba nililimalizia kwetu Songwa, na masomo yakaishia hapo. Ukubwani ndipo nikajiandikisha kusoma kidato cha nne kwa njia ya posta. Nyie hamjui posta. Vitabu vilikuja kwa bahasha, unasoma peke yako, unajibu maswali, unaituma bahasha Dar es Salaam. Mwalimu usiyemjua anasahihisha, na baada ya wiki tatu au nne karatasi yako inakurudia ikiwa imechanjwa chale kwa wino mwekundu. Nilikitaka kile cheti kwa sababu nilikwishawaona wapishi wakizeeka na mwiko mkononi, na kambi ikihama wao hawahamishwi nayo. Nilitaka nikasomee mambo ya lishe chuoni. Bila kidato cha nne, mlango ule ulikuwa ukuta.

Basi nilikuwa nasoma pale kwenye vitunguu, na usingizi na masomo vinachanganyika kama uji na maziwa. Herufi zilikuwa zikiinuka zinatembea kama siafu. Magari makubwa ya mgodi yalinguruma mbali, nami nikayasikia kama mvua inayokuja Songwa, nikamwona mama akianua michembe yake ya viazi vitamu juani. Na katika njozi hizo hizo alikuwa akija mwalimu wangu wa Kiswahili.

Sikuwahi kumwona. Alikuwa akitia sahihi herufi moja tu, J, yenye mkia mrefu. Kwa hiyo nilimuumba mwenyewe: mwanamume mrefu, tai, viatu vinavyong'aa, anakatiza katikati ya masufuria bila kuchafuka. Alikuwa akikaa kwenye gunia la pili na kuniambia yale aliyoyaandika pembeni mwa karatasi. "Minza, ni kulala, si kurara." Sisi Wasukuma na hizo herufi mbili, unajua mwenyewe! Na mara moja aliandika: "Minza, doa hili ni la mafuta gani? Alizeti au samli? Soma tena ukurasa wa sita." Nilicheka hadi wenzangu wakatoka jikoni kunitazama. Karatasi zangu zote zilikuwa na madoa, maana ningefanyaje, na huko Dar es Salaam kulikuwa na mtu anayeyaona. Nilifurahi, mwanangu. Hakuna aliyekuwa akiniuliza habari zangu siku zile zaidi ya kuniuliza chakula kimeiva.

Usidhani ilikuwa njozi tupu. Hisabati ilinitoa machozi. Kiingereza kilinitazama kama ng'ombe asiyenijua. Bahasha moja ilipotea njiani na majibu yangu yote. Siku moja niliinama kumalizia kifungu kimoja tu, kimoja, na sufuria zima la maharage likaungua. Mkuu wa jiko, Mzee Salumu, mtu wa Tabora, mpole lakini jikoni hana mchezo, alikuja akanusa, akatikisa kichwa.

"Njia mbili zilimshinda fisi, Minza," akasema. "Chagua, kalamu au mwiko."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee." Moyoni nikasema, fisi hakuwa na mama kule Songwa aliyemwambia jirani zake kuwa binti yake anasoma.

Ikabaki kazi ya mwisho. Zilitakiwa kazi kumi na mbili kamili, pungufu ya hapo huandikishwi mtihani. Ya kumi na mbili ilikuwa insha ya Kiswahili: "Siku moja kazini kwangu." Rahisi, si ndiyo? Lakini mwezi ule wachimbaji waliongezwa, vinywa vikawa mara mbili, na zile saa zangu mbili zikamezwa na kumenya vitunguu. Ajabu ya Mungu, nilichoshwa na kazi hadi nikashindwa kuandika jinsi kazi inavyonichosha.

Hapo ndipo Deus, karani wa stoo, kijana aliyemaliza sekondari, mwenye huruma na ulafi wa kupita kiasi, aliponiambia, "Dada Minza, nikuandikie. Nipe ukoko wa pilau ya Ijumaa." Nikampa. Ndiyo, mwanangu, insha yangu niliinunua kwa ukoko, cheka tu.

Akaandika insha ya kupendeza kweli. "Kazi ni uti wa mgongo wa taifa," ndivyo ilivyoanza. Nikaenda kuinakili kwa mkono wangu mwenyewe, maana hatukuwa wajinga, mwandiko ungetuumbua. Ilikuwa Jumapili, nimetoka kanisani, nimenawa kwa sabuni mara mbili, nimekaa stoo kwenye meza ya Deus kama bibi mkubwa. Ikatoka safi. Hata mimi niliitazama nikasema, Minza, leo umestaarabika.

Ilirudi zikiwa zimebaki kama siku tisa hivi kabla ya walimu kuja Shinyanga kukutana na wanafunzi wa kanda yetu. Haikuwa na alama. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno haya:

"Karatasi hii ni safi mno. Haina hata tone la mafuta, wala hata 'kurara' moja. Mpishi wangu yuko wapi? Ninamsubiri Shinyanga na kazi yake."

Mama yangu! Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia hadi kilemba kikaloa. Deus akanifuata. "Kanusha," akasema. "Mwandiko ni wako, nani atakushika?" Na kweli, Kabula, hakuna ambaye angenishika. Ningeandika barua ya ukali, wangenipa alama, nami ningefanya mtihani. Nilikaa na wazo hilo mchana kutwa, nikaligeuza kama chapati. Lakini kila nilipomwona yule mwalimu wa njozi zangu akija, hakukaa tena kwenye gunia. Alikuwa akisimama mlangoni anatafuta mtu, ananitazama mimi, anaendelea kutafuta. La kuvunda halina ubani. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayokuchoma hata ukiwa peke yako.

Nikaanza upya. Niliandika nimesimama, kwa siku nne, mkono mmoja mwiko, mwingine kalamu, mstari uji ukichemka, mstari maharage yakilainika. Sikuandika uti wa mgongo wa taifa. Niliandika mvuke unavyotoka sufuriani alfajiri na mtu akipita ndani yake unamwona nusu. Niliandika wanaume wanavyokuja wakibishana na wakionja uji wa moto wananyamaza, wote, kama watoto. Niliandika habari za Mzee Salumu.

Kisha nikaenda kumwomba ruhusa ya siku mbili.

"Siku mbili? Vinywa vyote hivi?" akasema. "Wewe binti una wazimu?"

Nikamwambia tu, "Mzee, nimekuandika humu. Nikusomee?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akakaa. Nikamsomea pale ninaposema kwamba mkuu wetu wa jiko huonja chumvi akiwa amefumba macho, na midomo yake hutamka bismillahi bila sauti, na akifumbua macho, kama chumvi imekaa sawa, hutabasamu kidogo upande wa kushoto, halafu hutazama huku na huku asije akaonekana. Nilipoinua macho alikuwa amegeukia ukuta.

"Miaka yote hii napika," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniandika. Nenda, mwanangu. Ugali nitasonga mwenyewe."

Nilipanda basi la Kahama, kisha la Shinyanga, na kifurushi cha matobolwa ya mama, viazi vyake vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwa ajili ya yule bwana mrefu mwenye tai. Barabara nzima nilikuwa nikisinzia na kuamka, mashamba ya pamba yanapita dirishani, nami namwona akinifukuza mbele ya watu. Tulikutanishwa katika darasa la shule moja mjini. Nikaingia, nikatafuta tai. Hakuna tai. Mezani alikaa bibi mmoja mdogo, ushungi mweupe, miwani minene kama kitako cha chupa. Alikuwa Mwalimu Joha. Ile J yenye mkia ilikuwa yake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, nimepiga goti kama tulivyofunzwa kwetu.

"Marahaba." Akanyoosha mkono. Nikampa insha. Hakuisoma kwanza. Akaileta puani, akavuta pumzi taratibu, darasa zima linatazama.

"Vitunguu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hili doa kubwa hapa chini?"

"Maharage, Mwalimu. Yalifurika."

Akacheka hadi miwani ikashuka. Halafu akanishika mkono, na alichoniambia nimekibeba mpaka leo hiki hapa: "Minza, mimi wanafunzi wangu siwaoni. Nakaa mezani na karatasi tu. Wewe nilikujua kwa madoa yako, ndiyo yalikuwa uso wako. Halafu ukaniletea karatasi isiyo na uso. Nilidhani umekufa, binti. Wallahi niliogopa."

Nililia mbele za watu, naye akaniachia nilie, kisha akafungua matobolwa akaanza kula.

Alinipa kumi na moja kati ya ishirini, na "kurara" mbili zikazungushiwa duara. Ile ya Deus ingepata kumi na nane, nakuhakikishia. Nikaandikishwa mtihani. Hisabati ikaniangusha, nikarudia mwaka uliofuata, ikanihurumia. Chuo nikakisoma huku nikipika vilevile, miaka mingi, polepole, mvumilivu hula mbivu ingawa wakati mwingine mbivu yenyewe imeanza kukauka. Mpaka nastaafu nilikuwa nasimamia chakula cha wagonjwa hospitalini. Umeliona jina langu lile kwenye mlango wa jiko, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilisoma kwa kidole.

Sasa sikia, mwanangu, na wengine mnaosoma huku mnafanya kazi mnisikie. Sikukatazi simu. Ikufundishe, ikusahihishe, ikuulize maswali, hata mimi ningeipenda kuliko lile gunia. Lakini isikae kwenye kiti chako. Umechoka? Mwambie mwalimu umechoka. Umechelewa? Omba siku. Umepata kumi na moja? Chukua kumi na moja yako, nenda nayo nyumbani, ni yako. Alama ya kuazima haikujui, na siku utakapoihitaji haitakuja. Wewe unasomea dawa, Kabula. Ipo siku mama atakuletea mtoto anachemka homa, umeme hakuna, simu imezima, na yule mama atakutazama wewe usoni. Siku hiyo nani atakuwa zahanati, wewe au yule aliyefaulu kwa niaba yako? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapo atakayekufa anaweza asiwe wewe.

Najua kioo cha simu hakishiki doa, unakifuta kwa khanga kinang'aa. Najua mwalimu wako hawezi kukunusa. Ndiyo maana nimekuja kukunusa mimi.

Fungua ile bahasha pale mezani. Ndiyo, ndiyo hiyo, doa la maharage bado lipo, na kumi na moja yake. Vitunguu vimeshatoka, au labda pua yangu imezeeka. Nimekupa, kaa nayo. Na Mungu akubariki, mwanangu, akupe mwili wa kustahimili zamu na akili ya kustahimili kitabu, akupe mkuu wa kazi wa kukupa ruhusa na mwalimu wa kukuulizia ukipotea. Kazi zako zote uzitume zikiwa na doa lako, na popote utakapofika, atakayekuwa amefika awe ni wewe.