Kutafuta Mbao za Meli ya Baba

Nilitoka nyumbani Jumamosi hiyo kwa sababu ya sanduku la viatu. Wiki moja kabla, nilikuwa nimemtengenezea Baba meli ya kadibodi, mfano wa ile aliyoifanyia kazi ziwani kule Kisumu enzi za ujana wake. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, vidole vyangu vimezoea vitu vidogo, na nilijiona nimeweza. Nikamwekea mapajani. Baba haoni tena. Macho yalimwishia polepole. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, kisha akasema kwa adabu zake za Mombasa, "Ahsante, mwanangu. Na viatu vyenyewe viko wapi?"

Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Tangu macho yamwishie, Baba ameacha kusimulia habari za meli, hata nikimuuliza ilionekanaje, na kutembea pia ameacha. Hukaa kitini akingoja kushikwa mkono, hata kama ni kwenda mezani kunywa chai. Nilitaka aishike meli yake na aijue. Basi ilibidi niiunde upya kwa mbao, kuanzia mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, na mbao mimi nilikuwa sijawahi kununua hata ya rafu.

Saa mbili asubuhi, Kangemi. Kutoka kwetu Mountain View ni mwendo wa miguu, nikafika kwenye yadi ya mbao kabla jua halijawa kali. Muuzaji alikuwa ameegemea msumeno wake akinywa chai.

"Niaje, mathe. Unajenga?"

"Najenga meli."

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kukaa mezani."

Akafikiri kidogo, akaona mimi ni mteja kama wateja wengine. Akanichomolea kipande cha saipresi. "Chukua hii. Iko soft, imekaa hapa hadi imekauka. Utaikata hata na kisu ya mkate." Ilikuwa na nyuzi nyembamba zilizonyooka, lakini rangi yake ilikuwa ya uji. Niliinunua kwa kumwonea haya tu, nikaisukuma chini kabisa ya mkoba.

Saa nne, Westlands. Teksi ilikwama kwenye foleni, nikashuka nikamaliza safari kwa miguu hadi duka moja la mbao za fahari, lenye vioo na baridi kama benki. Humo nikapendana na kipande cha mkangazi. Kilikuwa chekundu, kimejaa mawimbi na maua, na ukikigeuza kwenye mwanga kinameremeta. Nikajiona ninayo meli tayari. Nilitoka nimekikumbatia, na sikutaka kukitia mkobani pamoja na ule uji wa Kangemi.

Saa sita, katikati ya mji. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Jaswinder, mama wa makamo yangu aliyerithi karakana ya babake katika kichochoro nyuma ya River Road. Nilimkuta anapiga randa, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao. Nikamwonyesha mkangazi wangu nikingoja sifa.

"Sister, meli yako itakuwa urefu gani?"

Nikamwonyesha mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Na mlango yake?"

Nikamwonyesha ukucha wa kidole kidogo.

"Sasa ona. Hii ua moja hapa ni kubwa kushinda mlango. Watu watafikiri meli iko na ugonjwa ya ngozi." Akakibonyeza kwa kidole gumba, akakinusa. "Na bado iko na maji. Utaunda leo, wiki kesho imejikunja." Kisha akachungulia mkobani. "Hiyo nyingine ni nini? Saipresi? Hiyo ndiyo body ya meli, si umebeba tu!"

Niliona aibu ya kutosha. Ili nipate pa kuelekeza macho nikatazama ukuta, na hapo nikaiona reli ya ngazi, ndefu, ya mviringo, nyeusi kwa uchafu wa miaka.

"Hiyo siuzi," akaniwahi. "Ni msaji, teak ya kweli. Nyumba ya zamani ya Westlands ilibomolewa wajenge ghorofa, mimi nikaokoa reli."

Nikanyoosha mkono nikaigusa hata hivyo. Ilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika, na katikati ilikuwa imelika kidogo pale viganja vilipopita. Nikasimama hapo kama mjinga. Kila siku kazini nawaambia watu kwamba ulimi unajua kuliko jicho. Jino likizidi kwa unene wa unywele, mdomo unalihisi kama mlima. Na mimi tangu asubuhi nilikuwa namchagulia mbao kwa macho mtu asiye na macho.

"Niuzie kipande tu," nikamsihi.

"Nimesema siuzi." Kila alipolitamka neno hilo, jino lake la mbele la bandia lilitoa mluzi.

"Hilo jino lilitengenezwa na nani?"

"Usiniulize. Linacheza mwaka wa pili. Mahindi ya kuchoma mimi nanusa tu."

"Mimi ni fundi wa meno."

Jaswinder akaitazama reli, akanitazama mimi, akachukua msumeno. "Itachukua dakika ngapi?"

Saa nane, Hurlingham, kwenye kliniki ninakofanya kazi. Tulikwenda na pikapu yake, kipande cha msaji cha urefu wa mkono kimelala katikati yetu kama abiria wa tatu. Mimi nikashughulika na bamba la jino lake. Yeye akaketi kwenye meza yangu akinikatia vipande vidogo vya kila aina ya mbao kwa misumeno yangu midogo. "Hizi vifaa ni za panya," alilalamika, lakini alikata vizuri kunishinda. Nikavisugua vipande hivyo kwa msasa wangu wa meno, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Mkangazi ulichoma kidogo. Saipresi ilitulia. Ili kuhakikisha nikavilamba, kimoja baada ya kingine, na wakati huohuo dada wa mapokezi akafungua mlango.

"Kuna shida?" akauliza, akiukodolea macho ulimi wangu.

"Hakuna shida," akajibu Jaswinder kwa jino lililokaa imara, bila mluzi hata kidogo. "Tunachagua meli."

Alinunua hindi pale langoni, akaling'ata, akanipungia nalo mkono, akaondoka.

Saa kumi na moja, nyumbani. Baba alikuwa kitini pake. Nikampa saipresi. "Laini," akasema. Nikampa mkangazi. "Hii ya kitanda." Kisha nikamwekea msaji mkononi.

Kidole gumba chake kikatembea juu yake, kikarudi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Unaijua, Baba?"

"Mkono mmoja sinia, mkono mmoja reli," akasema. "Vidato kumi na vitatu, kutoka jikoni hadi kwa abiria wa daraja la kwanza. Unaniuliza meli ilikuwaje, mimi sikuitazama. Nilitazama chai." Akasimama. "Hebu nipe sinia."

Nikampa, na kikombe kimoja cha chai juu yake. Nikaushika msaji ukutani usawa wa kiuno chake, nikawa natembea kinyumenyume, nikiusogeza mbele kila kiganja chake kilipofika mwisho. Tukapita ukumbini hivyo hadi jikoni, bila mimi kumshika. Nusu ya chai ilikuwa imemwagika kwenye sinia.

"Ziwa limechafuka leo," akasema Baba. "Nimiminie nyingine."

Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi namna ile. Tangu jioni hiyo anazungumza bila kukoma: mlango ule ulikuwa huku, bomba la moshi lilikuwa kule, wewe hujui kitu. Mataruma, yaani mbavu za meli, nimeshayachora kwenye saipresi, na reli yake itakuwa ya msaji, nyembamba kama njiti. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namuuliza Baba meli yake ilionekanaje, wakati nilipaswa kuuliza mkono wake ulikuwa umeshika wapi.

Nimeupima ukumbi wetu, kutoka kiti cha Baba hadi jikoni. Reli iliyobaki kwa Jaswinder inatosha ukuta wote, na inazidi kidogo. Jumatatu nitampigia simu. Namwombea afya njema, lakini likianza kucheza jino lingine, sitasikitika.